Nani Alimtoa Ambokile Pangoni

Sogeeni mnisikilize, kisha mnisaidie kuamua, maana mimi jambo hili limenishinda.

Walikuwepo wazamiaji watatu waliosafisha milango ya bwawa la umeme, huko milimani ambako maji ni baridi mwaka mzima. Gwamaka alijua baridi. Akitia mkono majini, alijua mwili utastahimili mpaka wapi. Lusajo alijua hewa. Alisikiliza mtungi kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto anayekohoa. Bupe, mwanamke mwenye umbo dogo, alijua kamba. Gizani alienda na kurudi kwa kuipapasa tu. Wote watatu hawakuwa na watoto.

Karibu na bwawa waliishi Subilaga na mumewe, Ambokile. Subilaga alikuwa amejifungua karibuni, na mtoto alikuwa bado hajapewa jina. Ambokile akaingia pangoni kuchota mbolea ya popo kwa ajili ya shamba la viazi. Mvua ikanyesha huko juu, na njia ya ndani ya pango ikajaa maji. Waliobaki nje walimsikia akigonga mwamba, mbali, ng'ambo ya maji.

Subilaga alikuja na mtoto mgongoni, akakaa kwenye mlango wa pango. Wanawake walimwambia alie, itamsaidia. Hakulia.

"Mtoeni," aliwaambia wale wazamiaji watatu walipofika. "Atakayemtoa, mtoto huyu ataitwa jina lake."

Ndiyo desturi ya pale. Jina huwa moja tu, na mwenye jina huwa mzazi wa pili. Mtoto akikua humtunza uzeeni kama anavyomtunza baba yake.

Njia ilikuwa nyembamba, kwa hiyo Bupe ndiye angeingia. Wakamwaga vifaa vyote chini, wakaanza kuchagua.

Gwamaka alichagua nguo. Suti za mpira zinazoloa aliziweka kando, akachukua mbili zisizoingiza maji, ya Bupe na yake mwenyewe.

"Vua hiyo fulana ya pamba," alisema. "Ikiloa itakuua. Vaa sufu."

"Haya, nivalisheni, bibi harusi niko tayari," Bupe akamjibu.

Gwamaka akamvika glavu nene kuliko zote. Suti yake mwenyewe akaifunga kwenye mfuko, ipelekwe kwa Ambokile. Kisha akaingia majini mpaka kiunoni na suruali yake ya kazini, akashika mwisho wa kamba, akasimama hapo mpaka kazi ilipokwisha.

Lusajo alichagua hewa. Watu walimwonyesha vifaa vipya vya kupumulia, vinavyong'aa. Akavikataa.

"Hivi ni vya maji ya vuguvugu. Humu vitaganda na kumwaga hewa yote."

Akachukua vile vya zamani. Mitungi akaitoa mgongoni mwa Bupe na kuifunga ubavuni, mmoja huku na mmoja huku, isikwame kwenye mwamba. Akaongeza mpira mrefu ili Ambokile apumue akiwa nyuma ya Bupe. Kisha akakaa juu ya jiwe, mkavu.

Bupe aliingia. Kamba yao ina mafundo mawili mawili, na lile dogo huwa upande wa kutokea. Akamfikia Ambokile, akamvalisha, wakaanza kurudi. Ambokile, ambaye hakuwahi kuzamia, alipiga miguu hovyo na kutibua tope. Tochi zikawa hazina kazi. Kamba ikamponyoka Bupe. Alipoipata tena, hakujua upande wa kutokea ni upi. Vidole ndani ya glavu nene havikuhisi fundo lolote.

Akaivua glavu. Akapapasa mafundo kwa mkono mtupu mpaka nje.

Subilaga alimtazama mumewe.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

Basi.

Jioni walikaa motoni. Vidole viwili vya Bupe havikuhisi joto, na mpaka leo havihisi kitu.

"Bila suti yangu ungemleta maiti," Gwamaka alisema. "Na miguu yangu hii hata siioni kama ni yangu."

"Glavu zako nusura zituzike wote wawili, kaka."

"Mimi sikuloa hata kiatu, najua," Lusajo alisema. "Lakini mngechukua vile vinavyong'aa, hata hayo mafundo usingeyafikia."

Na kila mmoja alisema kweli.

Siku ya kutoa jina imefika. Ndugu wamekaa, wote watatu wamekuja na nguo safi. Subilaga ameshika mtoto.

"Namtazama Gwamaka, namtazama Lusajo, namtazama Bupe," anasema, "na moyo wangu hauniambii kitu. Tangu siku ile hauniambii kitu. Nisemeeni nyinyi."

Gwamaka alitoa suti yake, lakini alikosea glavu. Lusajo hakukosea, lakini hakuumia. Bupe vidole vyake viwili vimekufa ganzi, lakini asingefika kokote bila wale wawili. Mtoto analia, na watu wanangoja. Wewe uliyenisikiliza, ungekuwa umemshika, ungemwitaje?