Ukuni Mmoja Tu

Wapendwa, ninyi watu wa Njombe sina haja ya kuwaeleza baridi ya mwezi wa saba. Basi kulikuwa na familia moja katika nyumba ya zamani: bibi, binti yake, na mwanawe wa kiume na mkewe. Jikoni mwao mlikuwa na jiko la chuma, zito, lenye dohani na oveni. Hilo ndilo lililopika, likachemsha maji ya kuoga, likawapa joto wote.

Mke wa yule mwana akajifungua mtoto njiti. Wakamlaza kikapuni juu ya mlango wa oveni ulioachwa wazi, moto ukiwa mdogo kabisa, joto la kuku anayeatamia. Mama mtu, kwa uchovu, akapitiwa na usingizi kitini.

Sasa sikilizeni. Bibi akapita, akagusa chuma, akaona kinapoa. Akatia ukuni mmoja, akaenda kukamua ng'ombe. Shangazi akatoka shambani, naye akagusa. Chuma kizito huchelewa kupata moto, mnajua. Akatia ukuni mmoja, akaenda zake. Baba naye akaja, akatia wake. Nani kati yenu asingetia?

Mama aliamshwa na harufu ya kitambaa kinachoungua. Mtoto alikuwa amefungua mdomo na sauti haitoki. Mgongo wake... jamani, mimi ni mzazi, sitaueleza.

Bibi alisema, "Nilitia ukuni mmoja tu." Shangazi akasema hivyo hivyo, na baba vilevile, na wote walisema kweli.

Mama akauliza, "Mnaishi nyumba moja. Hamkuambiana?"

Bibi akainama. "Mwanangu, mimi na wifi yako hatuongei tangu Pasaka."

Na baba? Alichoka kuwa katikati, akaamua kuwanyamazia wote wawili.

Mtoto yule hakuungua kwa chuki! Walimpenda, kila mmoja kwa moyo wake wote, wakamchoma kwa ugomvi ambao yeye hata hakuujua.

Tusiwanyooshee kidole. Binti yetu wa kwaya alipopata ujauzito, wazee wa kanisa walikwenda kumwonya asubuhi. Mchana wakaenda akina mama. Jioni viongozi wa vijana. Kila kundi kwa upendo, na hakuna lililojua kwamba wenzao wametoka huko, kwa kuwa sisi hapa tunaimba pamoja lakini salamu hatupeani. Kuna aliyemwuliza binti kama amekula?

Jana mama yake alikuja kwangu akilia. Binti ameondoka na begi lake, simu imezimwa, na hatujui amelala wapi.

Baraka ya kufunga ibada itasubiri. Geuka sasa hivi, umsemeshe yule usiyeongea naye. Kisha tutoke wote tukamtafute mtoto wetu.