Pingamizi la Bi Zuwena

Mtaa wa Kisimani ulikuwa umetulia mpaka Mbarouk, tajiri wa mabasi, alipoomba kiwanja kilichopakana na nyumba ya Bi Zuwena kigeuzwe cha biashara, ajenge ukumbi wa muziki. Bi Zuwena alipinga, akaomba kikao kifanyike kiwanjani penyewe. Siku ilipofika hakuonekana, na Mbarouk akafurahi moyoni.

"Muziki hautavuka ukuta ule," alimwambia afisa ardhi. "Aliye upande wa pili hasikii kitu."

"Kuna mwenye pingamizi?" afisa aliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Mimi hapa!" Bi Zuwena alijibu kutoka jikoni kwake, nyuma ya ukuta. "Na tafadhali, bwana afisa, semeni taratibu, mjukuu wangu amelala."

"Ombi limekataliwa," afisa alinong'ona.