Nani Abaki Mtaa wa Msikiti?

Sogeeni karibu, maana hukumu nitawaachia ninyi.

Katika mji mmoja wa Wayoruba walikuwako watu watatu. Sanni alijaliwa sauti. Akisoma Kurani, wachuuzi waliacha kunadi. Ogundele alijaliwa jicho. Alinyoosha barabara bila kamba. Abeke, mjane, alijaliwa ardhi, kiwanja kipana mbele ya jumba la mfalme.

Mfalme aliposilimu alitaka msikiti wa Ijumaa uelekeane na lango lake, na barabara zote za mji zikutane hapo.

Sanni akahubiri sokoni. Watu wasioitaka dini mpya wakampiga mawe, jicho moja likapofuka. Kesho yake akarudi na kitambaa chenye damu usoni, akasoma tena. Waliompiga wakaona haya, wakaanza kumfuata, mpaka pa kuswalia pakajaa.

Ogundele akapima barabara kuu. Nyumba ya mama yake mzazi ikawa njiani.

"Pindisha kidogo tu, mwanangu," mama akamsihi.

"Nikipindisha kwako, mama, nani atakubali nimbomolee?"

Akaibomoa ya kwanza. Mama akalala kibandani msimu wote wa mvua, akafa kwa kikohozi. Majirani walipoona hayo, wakahama bila kubisha.

Akabaki Abeke. Wanawe wawili walizikwa chini ya sakafu ya chumba chake, kama ilivyokuwa desturi, na mfalme mwenyewe aliogopa kumlazimisha.

"Kichukueni," Abeke akasema, "ila wanangu wahamishwe kwa heshima."

Wachimbaji wakazoa udongo wote, mifupa ikiwamo, wakajazia mashimo ya barabara. Abeke alipouliza wanawe wamo shimo lipi, hakuna aliyejua.

Msikiti ukasimama. Mfalme akawaita wote watatu.

"Mmoja wenu atakuwa mkuu wa mtaa huu, yeye na kizazi chake. Wawili watauhama mji. Sitaki ugomvi mlangoni kwangu."

Sanni akainama. "Kabiyesi, mfalme wetu, bila mimi nani angeswali humo?"

"Na bila mimi wangepita wapi?" Ogundele akadakia.

Abeke hakuinama. "Ukuu siutaki. Lakini wanangu wamo barabarani humo. Mkinifukuza, nimwachie nani?"



Basi nawageukia ninyi. Wawili lazima waondoke leo. Je, wewe ungembakisha nani?