Kisu cha Ndugu Watatu na Ndama wa Mama Ngoda

Hapo zamani, bibi yangu akiwa bado binti wa kuruka kamba, kulikuwa na ndugu watatu huko milimani Usambara. Tumbo moja, ziwa moja, na taabu yao moja: kisu.

Mkubwa alikuwa Zuhena, msukaji wa matenga ya kubebea matunda. Bila kisu, fito hazichongeki. Wa pili alikuwa Mhando. Huyu kazi yake ilikuwa kubebesha miti: anachukua kijiti cha mpeasi mtamu, anakipachika kwenye shina la mpeasi mchungu, na baada ya miaka miwili watu wanakula peasi na kumsifu. Bila kisu, hapachiki kitu. Kitinda mimba alikuwa Kupaza, mchunga mbuzi, kijana mcheshi, mpenda sifa kuliko wali. Yeye bila kisu alikuwa hakati kamba, hapunguzi kwato, na zaidi ya yote hamenyi chungwa mbele za watu.

Kupaza alikwisha nunua visu viwili. Cha kwanza kilivunjika siku ya tatu. Cha pili kilijifunga chenyewe akiwa anachonga fimbo, kikamla kidole, akazunguka kijiji wiki nzima kidole kimefungwa kitambaa kama bibi harusi.

Zuhena akasema, "Wadogo zangu, kila mmoja wetu akinunua peke yake atanunua takataka. Tuchange, tununue kimoja cha maana, tukitumie kwa zamu. Leo changu, kesho cha Mhando, keshokutwa cha Kupaza."

"Na atakayekichukua siku isiyo yake?" akauliza Mhando.

"Atakuwa mwizi wa ndugu zake," akasema Zuhena.

Wakakubaliana. Siku ya gulio wakateremka sokoni, mpaka kwa Bwana Mbaruku, muuza visu vya kukunja. Alikuwa ametandaza turubai chini, na visu vimepangwa juu yake kama dagaa.

Kupaza akarukia chekundu. "Dada, hiki! Tazama, kina kijiko, kina mkasi, kina hata kifungulio cha chupa!"

"Wewe unanunua kisu au unanunua harusi?" akasema Zuhena. "Rudisha."

Akachuchumaa. Akachukua kisu cha kwanza, akakifungua, akautikisa ubapa kushoto na kulia. Ukacheza. Akakiweka. Akachukua cha pili, akakifungua, akagonga mgongo wake kwenye kandambili. Kikajifunga pap! Akakiweka. Cha tatu, gonga, pap! Akakiweka. Bwana Mbaruku akaanza kukunja uso.

"Mama, unanunua au unanichapia bidhaa zangu?"

"Nachagua, kaka yangu. Vidole vya wadogo zangu havichipui."

Pembeni kabisa kulikuwa na kisu kimoja cha mpini wa mti, cheusi, hakina urembo. Zuhena akakifungua. Kikalia kwat! Akautikisa ubapa, haukucheza. Akagonga mgongo mara moja, mara mbili, mara tano. Hakikujifunga. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akacheka.

"Hiki hakikati hata ugali."

"Ndiyo maana kimekaa pembeni," akasema Bwana Mbaruku. "Nimekaa nacho tangu mwaka jana."

"Basi nipunguzie. Butu kitu gani? Ubutu unaondoka kwa jiwe. Ulegevu hauondoki hata kwa dua."

Wakavutana bei, wakataniana, Zuhena akajifanya anaondoka, Bwana Mbaruku akajifanya hamwiti, mwisho akamwita. Kisu kikauzwa kwa nusu ya bei ya kile chekundu.

Njiani Kupaza alinuna. "Tumenunua kijiko cheusi," akasema.

Mhando akakichukua. Akashuka mtoni, akachagua jiwe laini, akakaa kizingitini kwake. Siku ya kwanza alinoa, kisu hakikukata jani. Siku ya pili alinoa, kikakata jani, hakikukata kamba. Siku ya tatu alinoa mpaka viganja vikatoka malengelenge, akakijaribu kwenye vinyweleo vya mkono. Vikaondoka vyote. Akatia tone la mafuta ya nyonyo kwenye kiungo, akawaita ndugu zake, akawaonyesha mkono wake wa kushoto, mweupe pe, hauna unyweleo hata mmoja.

"Kijiko chenu hicho," akasema.

Tangu hapo zamu zikaenda vizuri. Leo ya Zuhena, kesho ya Mhando, keshokutwa ya Kupaza. Mwezi mzima hakuna aliyegombana.

Sasa Kupaza alikuwa amechumbia, upande wa pili wa bonde. Akaitwa kwenda kuonana na wakwe zake. Akahesabu siku, akaona mwaliko umeangukia zamu ya Mhando. Akawaza, "Nitakaaje mbele ya wakwe na machungwa yapo, nimenye kwa meno?" Maana alikuwa na ufundi wake: humenya chungwa zima, ganda likatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika, na watu wakashangilia.

Asubuhi mapema akapita kwa kaka yake. Koti la Mhando lilikuwa limetundikwa ukutani. Akatia mkono mfukoni, akatoa kisu, akaenda zake.

Mhando naye akavaa koti lake, akaenda shambani kwa Mwalimu Sempombe, aliyekuwa amempa kazi ya kubebesha mipeasi shamba zima. Akatia mkono mfukoni. Hamna. Mfuko wa pili. Hamna. Akaazima kisu cha jikoni, kikachana vijiti kama panya katafuna. Mwalimu akatazama, akatikisa kichwa.

"Bwana Mhando, fundi asiye na kisu ni mgeni tu. Nenda, nitatafuta mwingine."

Mhando akarudi nyumbani. Alikwisha jua nani kamfanyia.

Wakati uleule, Kupaza anakatiza mashamba ya Mama Ngoda. Mama huyu alikuwa mjane na ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, jina lake Mapambo, mwenye mimba kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha, matuta yanateleza. Kupaza akasikia mkoromo. Akatazama chini ya ukingo. Mapambo ameteleza, amelala kwenye mteremko, kamba ya katani imemkaba shingo. Kamba ilikuwa imelowa, fundo limekaza kama chuma. Ulimi nje, macho meupe.

Kupaza akapiga yowe. Hakutoka mtu, wote walikuwa gulioni. Akateleza kwa makalio mpaka chini, na kanzu yake ya ukweni. Akajaribu fundo kwa vidole, halikutikisika. Akakata kamba juu, kwenye kisiki alikofungiwa, lakini kitanzi kikabaki kimezama shingoni, ng'ombe bado hapumui. Panga lisingepita pale. Ikabidi apenyeze ncha ya kisu kati ya kamba na ngozi, mgongo wa kisu umeegemea shingo, akisukuma kwa nguvu zake zote huku ng'ombe anarusha miguu. Kisu hakikujifunga. Akageuza mkono, akavuta mara moja, mara mbili. Kamba ikakatika. Mapambo akavuta pumzi kama mvukuto wa mhunzi, akambiringisha Kupaza kwenye kabichi, akasimama.

Ukweni Kupaza alifika ana tope mpaka masikioni. Wakwe walicheka, kisha waliposikia habari, wakampenda zaidi.

Mapambo akazaa salama, ndama jike, mwekundu, na doa jeupe kwenye paji. Mama Ngoda akawaita ndugu watatu uani kwake, na kijiji kikaja kutazama.

"Nyumba yangu imesimama kwa ajili ya ng'ombe huyu," akasema. "Ndama huyu nampa mmoja, yule anayemdai Mapambo roho yake. Mmoja tu, maana ndama wa watu watatu hufa njaa. Kila mtu hudhani mwenzake amempa majani."

Kupaza akasimama wa kwanza. "Basi ni wangu. Nani aliteleza mpaka chini? Mimi. Nani alipigwa mateke? Mimi. Na mnajua nahitaji ng'ombe wa mahari. Kisu kikikaa mfukoni hakiokoi mtu, kinachookoa ni mkono."

Zuhena akasimama. "Mkono upi, mdogo wangu? Ule uliotaka kununua kijiko na mkasi? Kisu chako kingejifunga pale shingoni, ukarudi bila vidole na ng'ombe akafa. Mimi nilichagua. Mimi nilipigania bei, ndiyo maana tukakimudu. Na nina watoto wanne wanaokunywa uji mkavu, bila maziwa."

Mhando akasimama, polepole. "Dada alichagua kisu kisichokata ugali. Kupaza alikata kamba mara mbili ikaachia. Yale makali yalitoka wapi? Yametoka kwenye viganja hivi. Ng'ombe hakuwa na pumzi ya kungoja kisu butu. Tena siku ile kisu kilikuwa changu. Nimepoteza shamba zima la kazi. Hasara nimebeba mimi, faida ichukuliwe na aliyeniibia?"

Watu wakaguna. Kupaza akainama kidogo, kisha akainua kichwa.

"Ni kweli nilikuibia, kaka, na mbele ya watu hawa nakuomba radhi. Lakini kisu kingekaa mfukoni mwako, wewe ungekuwa kwa Mwalimu Sempombe unapachika mipeasi, na Mapambo angekufa na mimba yake. Niambie, ningefanya vizuri kuwa mwaminifu?"

Mhando akainua viganja vyake, watu wavione.

Uani pakawaka moto. Wanawake wakasema Zuhena. Mafundi wakasema Mhando. Vijana wakasema Kupaza, na wakwe zake wakasema Kupaza kwa sauti kubwa kupita wote. Bwana Mbaruku, aliyekuwa amepita tu, akadai hata yeye apewe mkia, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndugu wenyewe nao wakacheka, lakini hakuna aliyekaa chini.

Mama Ngoda amesimama katikati, kamba ya ndama mkononi, anamtazama huyu, anamtazama yule, anamtazama yule mwingine.

Haya, wasikilizaji wangu, mmesikia wote watatu. Mmoja alichagua, mmoja akanoa, mmoja akaiba na akaokoa. Kamba ile ingekuwa mkononi mwako wewe, ungemkabidhi nani?