Ulimi wa Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakishtakiana mbele ya hakimu, Bwana Nyati aliuziba mfereji wa mto, maji yote yakawa yake. Jirani yake, Bi Pimbi, akaachiwa maji ambayo Nyati amekwisha kuyaogea, yaliyochujwa kwa mchanga na matete hadi yakang'aa.

Tuyatendee haki maji yale: mwanzoni mchicha wa Bi Pimbi ulistawi ajabu. Lakini misimu ilivyopita, udongo ulifanya ukoko mweupe. Maji yakatuama juu, yasizame. Jembe likigonga, ko! ko! Watoto wa Pimbi wakalala njaa.

"Bwana Nyati, nifungulie mfereji. Maji yako yanaacha chumvi shambani."

"Chumvi? Thubutu! Maji meupe kama haya? Hayaachi kitu, mvivu we!"

Akaapa vivyo hivyo mbele ya Hakimu Korongo, aliyekuwa akisikiliza kesi kwa mguu mmoja.

"Bi Pimbi, una shahidi?"

"Bado, mheshimiwa. Nipe hadi kesho."

Asubuhi Nyati alimkuta Pimbi kifudifudi shambani, akilamba udongo. Nyam! Nyam!

"Unafanya nini, kijitu wewe?"

"Si kitu, baba. Pita tu."

"Si kitu, nawe umefumba macho hivyo?" Nyati akashusha ulimi. Mlaa! Akalamba tena, masikio yakamlegea. "Lo! Chumvi! Shamba hili nalitaka!"

"Chukua, baba. Ila kwanza mwambie hakimu unachokichukua, usije ukadai nimekupunja."

"Twende hata sasa!"

Wakafika, Nyati akihema hu! hu! "Mheshimiwa, shamba lile limejaa chumvi! Nimelilamba mwenyewe!"

"Huenda ilikuwapo tangu awali," akasema Korongo, ambaye hakupenda kuamini upesi.

"Awali? Lilikuwa chapwa kabisa! Ingekuwapo, ningemwachia pimbi?"

"Na tangu hapo limemwagiliwa maji gani?"

"Yangu tu! Mfereji si nimeuziba m—"

Korongo akashusha mguu wa pili.

"Basi, uzibue. Maji ya mto yaioshe chumvi uliyoileta."

"Aka! Na mlo wangu?"

"Lamba upesi, baba," akasema Bi Pimbi. "Maji yanakuja."

Nami nakomea hapo, wanangu, na funzo ni hili: maji kung'aa si ushahidi kwamba hayakubeba kitu, uulizeni udongo ulioyanywa.