Upanga wa Kombo

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa na nyumba zao, na milango, na komeo za kufungia kwa ndani, aliishi koo mmoja mzee, mama wa vifaranga wengi, jina lake Bi Mwanakheri. Nyie wa huko nyuma sogeeni, maana koo huyu alikuwa hapazi sauti, nami nitamsimulia vivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa kuchagua jogoo wa mbegu, yaani yule ambaye vifaranga wote wa mwaka unaofuata watamwita baba. Mapora, ndio majogoo wachanga wanaojifunza kuwika, walipangwa mbele yake. Alikishika kila kichwa kwa bawa lake, akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia. Alitaka mdomo mfupi mnene. Alitaka macho yaliyozama chini ya nyusi, yanayoona mbali. Na alitaka upanga, maana mnajua ile nyama nyekundu kichwani mwa jogoo huitwa upanga. Kuchi wa asili, ile mbegu ya kuku wapiganaji, upanga wake ni mdogo, umelala juu ya paji kama punje za mtama zilizobanana. Hauning'inii, na adui hapati pa kuushika.

Mwaka ule kichwa cha namna hiyo kilibaki kimoja tu, cha mjukuu wake Kombo. Bi Mwanakheri kila alipokitazama alimwona marehemu mumewe, na moyo ukamjaa.

Lakini mitetea wa mji, wale majike wachanga, walimpenda Makame. Makame alikuwa na upanga mrefu wa meno matano, umemwangukia hadi jicho la kushoto. Akitembea, upanga tiki-tiki, tiki-tiki, na mitetea macho yote kwake.

"Huyo ndiye jogoo," walisema. "Kombo ana nini kichwani? Kipele."

Kombo akaona haya, akawa anashinda ndani.

Basi akaja Ngawa, yule mnyama wa porini mla kuku. Akagonga mlango wa kwanza, gwa gwa gwa, akasema anataka jogoo mmoja, atamfuata keshokutwa alasiri, la sivyo atamaliza mji mzima. Kikao kikakaa, wala hakikuchukua muda.

"Apewe Kombo," waliamua. "Kwa upanga ule, hata kwa mbegu hafai."

Bi Mwanakheri hakubishana nao. Alirudi nyumbani, akalia kidogo, akajifuta machozi, halafu akaanza kufikiri.

"Ngawa huyu," alijiambia, "ametula tangu utotoni, lakini hajawahi kuuliza viungo vyetu vinaitwaje. Kwake yeye sote ni kitoweo. Na nusu ya mkia wake ilibaki shambani, kwa mkulima mmoja mwenye upanga."

Keshokutwa alasiri Ngawa alimkuta ameketi mlangoni, anachambua mchele.

"Hodi. Kitoweo changu kiko wapi?"

"Karibu, Bwana Ngawa. Yumo ndani. Kikao kimesema nikupe huyu kwa sababu upanga wake si wa kutisha."

Ngawa aliyekwisha kuinua mguu wa kuingia aliushusha.

"Upanga gani?"

"Wa kwake. Kwani hujui majogoo wetu wana panga? Makame, wa nyumba ya pili, wake una meno matano."

"Meno matano." Ngawa akakizungusha kile kipande cha mkia akakificha. "Mbona sijawahi kumwona ameushika?"

"Haushiki, anatembea nao tu. Hata akilala hauvui. Na mwekundu huo, Bwana Ngawa, tangu asubuhi hadi jioni mwekundu."

"Mwekundu wa nini?"

"Wa damu, wa nini tena?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika maneno yote hayo bibi wa watu hajasema uongo hata mmoja.

Ngawa akameza mate. Njaa inamvuta, mkia unamrudisha. "Na huyu wa ndani? Wake ukoje?"

"Wake umelala."

"Ukiamka je?"

"Hilo sijaliona bado. Ameurithi kwa babu yake, na babu yake hakuna aliyemgusa akiwa hai." Akageuka mlangoni. "Kombo, mjukuu wangu, mgeni anataka kuuona upanga wako."

Huko ndani Kombo alijua anachekwa tena. Akajibu kwa sauti ya kilio: "Bibi, usinitie aibu. Wangu mdogo. Mwite Makame aje na wake mkubwa."

Makame, kwa kupenda kutazamwa, alikuwa ameshasikia jina lake. "Nakuja nao!" akaitika kutoka nyumba ya pili. Tipwa, tipwa, tipwa, miguu ikasikika.

Ngawa hakuaga. Alichomoka, fyuu, akampita Makame ubavuni kushoto hata manyoya yakamwinuka.

"Nani kafungua mlango, mbona kuna upepo?" Makame akauliza. "Mgeni mwenyewe yuko wapi?"

Mitetea wakatoka, wakaanza kupiga vigelegele. Ngawa amekimbia, Makame oyee. Ndipo Kombo akatokeza kichwa mlangoni.

"Bibi," akanong'ona, "hajaenda. Amelala kwenye magugu, pale chini ya kichaka cha mtupa. Anatusikiliza."

Vigelegele vikakatika. Mitetea wakakodoa macho, hawakuona kitu. Makame akainua kichwa, upanga ukamziba jicho, naye hakuona kitu. Bi Mwanakheri akasema kwa utulivu, ila safari hii kwa sauti ya kufika mtupani:

"Makame, kawaite na ndugu zako. Kila mmoja aje na upanga wake."

Magugu yakatikisika, Ngawa akatimka kilimani, na mji ule hakuukanyaga tena.

Mitetea walisimama, kila mmoja akitafuta pa kutazama. Yule aliyesema kipele ndiye aliyeanza. "Bi Mwanakheri, tulitaka kumtoa aliyetuokoa. Tusamehe."

Bi Mwanakheri alimvuta Kombo kifuani, akamfunika kwa mabawa yote mawili, na mbele ya mji mzima akalia kwa furaha bila kujificha.

"Huyu ndiye baba wa vifaranga wenu," akasema alipopata sauti. "Macho haya ni ya babu yake; niliishi nayo miaka saba, na hata usiku mmoja sikulala na hofu."

Hapo ndipo ninapoifungia komeo hadithi yangu, na funzo lake ni hili: ukichagua wa kumtegemea, usitazame kinachoning'inia kichwani mwake, tazama macho yake yanaona nini.