Ulimi wa Mkaguzi wa Unga

Wakati wa vita, serikali iliamuru unga wa kila mkate uwe nusu muhogo. Bi Semeni, mwoka mikate, alitii, ila siku moja alioka mikate minne ya ngano tupu kwa ajili ya jirani yake Mwanahija, aliyejifungua juzi na hakuwa na nguvu hata ya kunyonyesha.

Mkaguzi Makungu akafuata harufu mpaka jikoni. Mji mzima ulijua kuwa mikate aliyoikamata iliishia mezani kwake.

"Hii naichukua," alisema.

"Chukua, baba. Lakini nisomee kwanza hiyo amri, mie macho mabovu."

Akasoma kwa sauti: "Mwenye kuoka, mwenye kuuza na mwenye kula mkate wa ngano tupu, wote kifungo miezi mitatu."

"Makubwa! Na utajuaje ni ngano tupu bila kuonja? Chai hii hapa."

Makungu alikula kipande, akaongeza cha pili, akalamba vidole. "Ngano tupu! Ulimi wangu haudanganyiki."

Bi Semeni akachukua buibui lake. "Haya, twende bomani kwa Bwana Shauri, akatuhukumu. Mimi nimeoka, wewe umekula."

Makungu alimzuia mlangoni. "Hebu ngoja. Naisikia ladha ya muhogo kwa mbali."

"Kwa mbali tu?"

"Muhogo mwingi, mama. Mwingi sana."

"Basi niandikie, upige na mhuri."

Akaandika. Bi Semeni akafunika mikate mitatu ya Mwanahija, ingali ya moto, kisha akamfungia Makungu kipande kilichobaki.

"Mpelekee mkeo, baba, naye aonje muhogo."